Kutulia na Kujitambua Ugenini: Mwongozo Kamili wa Mwaka wa Kwanza Hamburg

Kila ikifika Novemba napokea ujumbe wa sauti unaofanana na wa mwaka uliopita. Anayeutuma ni mtu wetu aliyefika Hamburg miezi michache nyuma kwa kazi ya uuguzi, kwa masomo, au kumfuata mwenzi wake. Chumba anacho, mkataba anao, bima anayo. Halafu sauti inashuka: "Dada, sina tatizo lolote, lakini sijielewi."

Wengi wamejitahidi. Wamesali, wamejikaza, wamejiambia watazoea. Wanakwama pale pale: wanataka roho itulie wakati mwili haujalala, sanduku la barua limejaa, na simu inaanza kulia saa 10 za alfajiri kwa sababu Dar kumeshakucha. Mimi nilikwama hapo hapo majira yangu ya kwanza ya baridi. Mpangilio ulio hapa ndio niliofuata majira ya pili, na ndio ninaowapa wageni.

Ufuate kwa namba zake. Ukikimbilia hatua ya 4 kabla ya kumaliza ya 2 na ya 3, utalia tu na hutapata kitu. Kama uko Leipzig, badilisha majina ya mahali; kama uko Malmö, Uswidi, badilisha pia namba za simu na sheria. Hata Edmonton ya Kanada, jua la Desemba halipishani sana na la hapa.

## Kwanza hakikisha mwongozo huu unakutosha

Upweke na kuchanganyikiwa ni kawaida ya mgeni. Lakini kama kwa wiki 2 mfululizo huli, hulali, huoni ladha ya kitu chochote, au mawazo ya kufa yanakujia, usianze na daftari. Nenda kwa Hausarzt wako, daktari wa karibu na nyumbani, umwambie kama ambavyo ungeniambia mimi. Bima ya lazima inalipia pia mazungumzo ya kwanza na mtaalamu wa saikolojia, na miadi unaweza kuiomba kwa namba 116117.

Usiku ukikuelemea, Telefonseelsorge, huduma ya kuwasikiliza watu kwa simu, wanapokea simu bure, saa zote, kwa namba 0800 1110111. Watakuongelesha Kijerumani, sema polepole, watakusubiri. Hatari ya papo kwa papo ni 112. Kupiga simu hizo hakumaanishi umeshindwa maisha, na usikubali mtu wa nyumbani akuambie hivyo.

## Mahitaji

- Daftari la kurasa nyingi na kalamu. Programu ya simu haifai kwa kazi hii.
- Saa ya kengele ya mezani, ya bei ndogo, ili simu ilale chumba kingine.
- Koti lisilopitisha mvua na viatu vya kukanyagia maji. Mwavuli wa hapa upepo unaugeuza.
- Tiketi ya mwezi ya HVV, usafiri wa umma wa Hamburg, au Deutschlandticket, ya nchi nzima.
- Kadi ya maktaba ya Bücherhallen.
- Sufuria nzito, mwiko, unga mweupe wa mahindi na tui la kopo. Maduka ya Waafrika na ya Waasia ya mtaa wa Steindamm, karibu na stesheni kuu, yana karibu kila kitu. Usinunue Maisgrieß ukidhani ni sembe. Ni chenga, na ugali wake haushikani.
- Siku 90.

## Hatua ya 1: Fungua barua zote (siku ya 1 hadi 14)

Siku unayopewa ufunguo, andika jina lako kwenye sanduku la barua na kwenye kengele ya mlango. Mpeleka barua anatafuta jina. Asipoliona, barua inarudi ilikotoka. Kisha kajiandikishe makazi, kazi inayoitwa Anmeldung, ndani ya wiki 2 tangu uhamie. Namba yako ya kodi inakuja kwa posta baada ya hapo.

Kwa nini karatasi ziwe za kwanza kwenye mambo ya utulivu? Kwa sababu barua isiyofunguliwa haikai kimya. Nilikuwa nazirundika juu ya friji, na kila nilipokwenda kuchukua maziwa tumbo lilinikaza. Siku nilipozifungua zote, mbili tu zilikuwa na jambo la maana.

Tahadhari. Bahasha ya manjano usiilaze. Mpeleka barua ameiandika tarehe kwa juu, na siku zako za kujibu zinahesabiwa kuanzia tarehe hiyo hata kama hujaifungua. Barua ya ada ya redio na televisheni nayo usiitupe: ni euro 18.36 kwa mwezi, lakini inalipwa kwa kaya. Mkiwa watu wanne kwenye nyumba moja analipa mmoja, nanyi mnachangiana. Usipoelewa barua, tafuta ushauri wa wahamiaji unaoitwa MBE, unaotolewa bure na mashirika kama Caritas, Diakonie na AWO.

Utajua umefaulu ukipita mbele ya sanduku la barua bila kuharakisha hatua.

## Hatua ya 2: Rudisha jua kwenye saa yako (wiki ya 2 hadi ya 5)

Hapa ndipo wengi tunapopotea bila kujua tumepotea.

Saa yetu ya Kiswahili imefungwa kwenye jua. Linachomoza kwenye saa 12, linazama kwenye saa 12, mwaka mzima tofauti ni ya dakika tu. Ukisema saa 1 asubuhi umeshasema jua lilipo. Mwili uliokulia hapo umelijua hilo miaka 25 au 30 bila kuambiwa.

Sasa uko Hamburg, Desemba. Jua linachomoza saa 2 na nusu asubuhi, na saa 10 jioni limezama. Unatoka kwenda kazini gizani, unarudi gizani. Mdomo wako unasema "saa 12 jioni" na nje usiku una saa mbili. Halafu Juni inageuka: linachomoza saa 11 kasoro alfajiri na saa 4 kasoro usiku bado lipo, watoto wanacheza nje nawe unashangaa kwa nini huna usingizi. Maneno ya lugha yako hayaafikiani tena na anga. Mtu anaweza kudhani amerogwa, na kinachomsumbua ni ukosefu wa mwanga.

Fanya hivi:

1. Amka saa ile ile kila siku, hata siku ya mapumziko.
2. Jua likishachomoza, ndani ya saa moja toka nje kwa dakika 30. Mvua isikuzuie. Mwanga wa nje siku ya mawingu bado unazidi taa za ndani mara kadhaa, na macho yako ndiyo yanayouambia mwili kwamba kumekucha.
3. Kama zamu inakuzuia, nunua taa ya mwanga ya luksi 10,000 ukae mbele yake dakika 20 hadi 30 asubuhi, kwa umbali ulioandikwa kwenye boksi.
4. Muulize daktari kuhusu vitamini D. Kuanzia Oktoba hadi Machi jua la hapa liko chini mno kwa ngozi kuitengeneza, na ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi kuliko nyeupe.

Tahadhari. Taa hiyo si ya mwenye ugonjwa wa macho au historia ya kupanda na kushuka sana kwa hisia, mpaka daktari aruhusu. Dozi kubwa za vitamini D unazoelekezwa na rafiki usizimeze, zikizidi zinadhuru. Anayefanya zamu za usiku apange ratiba yake na daktari wa kazini, maana mwongozo wa asubuhi haumfai.

Utajua umefaulu ukianza kuamka kabla ya kengele, walau siku tatu kwa wiki. Kwangu ilichukua kama wiki tatu. Siku ya kwanza kutokea nilibaki nimelala nasikiliza bomba la maji la jirani, na nikagundua sikuwa na hofu yoyote kifuani.

## Hatua ya 3: Ipe nyumbani saa yake (wiki ya 4 hadi ya 7)

Majira ya baridi Afrika Mashariki iko mbele yetu kwa saa 2, majira ya joto kwa saa 1. Inaonekana tofauti ndogo, na ndiyo inayotumaliza. Kundi la familia linaanza "Mmeamkaje wapendwa" saa 12 asubuhi ya Dar, na kwako ni saa 10 usiku. Usiku wa Hamburg nao unabaki macho kungoja kila kitu kiishe: kikao cha harusi ya binamu, ugomvi wa shamba, picha za ubatizo. Mguu mmoja ndani, mmoja nje, na hakuna upande unaokupata mzima.

Chagua siku mbili kwa wiki na saa moja. Mimi nilichagua Jumatano na Jumapili, saa 12 jioni ya huku, wakiwa wamekaa kula. Waambie wote saa hiyo. Simu ilale jikoni. Mtu mmoja tu, dada yako au baba, umruhusu kwenye mipangilio simu yake iite hata ikiwa imezimwa sauti, na umwambie ni kwa ugonjwa na msiba peke yake.

Fedha nazo zipe tarehe. Kaa na mshahara wako, toa kodi ya nyumba, chakula, nauli na akiba ya tiketi ya dharura, kisha amua kiasi cha kutuma na siku ya kutuma. Ombi linalokuja katikati ya mwezi lijibiwe "nitakujibu kesho jioni", na kesho kweli ujibu. Ombi ulilojibu usiku wa manane hukulipima, umelipa hatia.

Tahadhari. Watasema umebadilika. Mama yangu aliacha kuniongelesha vizuri kwa karibu mwezi mzima, na kila Jumatano nilipiga saa ile ile, tukazungumza dakika tano za baridi. Usikasirike na usirudi nyuma. Alipozoea akaanza kunisubiri akiwa ameandaa la kunisimulia, na mazungumzo yetu ya sasa ni marefu kuliko tulipokuwa tunaishi mtaa mmoja.

Utajua umefaulu simu ikiisha ukabaki unakumbuka walichosema, si kiasi walichoomba.

## Hatua ya 4: Andika majina yako (wiki ya 7 hadi ya 10)

Sasa umelala, na nyumba yako ina kimya cha kutosha. Chukua daftari.

Kwetu mtu haishi kwa jina la cheti. Mimi Kigamboni nilikuwa mama mdogo, wifi, da mkubwa, mhasibu, jirani wa geti la bluu, yule wa kwaya. Kutwa nzima kulikuwa na mtu wa kunikumbusha mimi ni nani. Huku niligeuka Frau, yaani Bi, na jina la ukoo, kwenye barua za benki. Basi. Mtu aliyekuwa na majina mengi akibaki na moja anahisi ametoweka, na anaposema "sijielewi" anasema kweli tupu.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Kuna bibi mmoja ambaye kumbukumbu zimemtoka, na kila jioni nikimvalisha soksi za kulalia ananitazama na kuniuliza: "Und wer sind Sie?" Na wewe ni nani? Mara ya kwanza nilimjibu, muuguzi. Akangoja. Kesho yake nikamjibu, ninatoka Tanzania. Akangoja vile vile, kidole chake kikiwa kimeshika kishikizo cha sare yangu. Hakuwa akinijaribu, alitaka kujua nani ameshika mguu wake. Niliporudi nyumbani usiku ule nikaanza orodha hii.

Chora safu nne kwenye kurasa mbili zinazotazamana:

1. Jina uliloitwa na watu, hata la utani.
2. Nani alikuita hivyo.
3. Kazi uliyofanya ndani ya jina hilo. Uwe mkweli. "Wifi" yangu ilikuwa kupika kwenye kila shughuli na kutosema ninachofikiri.
4. Mwili ulijisikiaje ukiitwa hivyo: kifua kilifunguka au mabega yalipanda?

Andika majina yasiyopungua kumi, kwa siku kadhaa, majina mawili au matatu kwa mara moja. Kisha pitia orodha kwa kalamu ya rangi nyingine na kila jina ulipe neno moja: nabeba, natua, au sijui.

Kwa kila jina la *nabeba*, tafuta kitendo kimoja unachoweza kukifanya Hamburg wiki hii. Kwaya niliandika nabeba, nikaenda kusimama mstari wa nyuma wa kwaya ya kanisa la mtaani, nikiimba Kijerumani nusu ninachokijua. Mhasibu niliandika natua. Nililia, maana nililisomea miaka mitatu, ila mabega yangu yalikuwa yanapanda tangu zamani na sikuwa nimepata nafasi ya kuyasikiliza.

Tahadhari. Kutua jina si kumkana mtu. Usimpigie wifi yako kumtangazia matokeo. Kazi hii ni ya daftari, na litunze mahali wenzako wa nyumba hawafiki. Ukikuta jina linalokurudisha kwenye jambo la kuumizwa, hasa la utotoni au la vita, funga daftari. Hilo lipeleke kwa mtaalamu.

Utajua umefaulu ukiwa na walau majina mawili ya kubeba ambayo hayategemei kazi wala pasipoti. Majina ya "sijui" yakiwa mengi si kosa.

## Hatua ya 5: Chagua mahali pamoja, urudi kila wiki (anza wiki ya 8)

Wageni wanazunguka mji wote wakipiga picha, na mji unabaki mgeni. Chagua mahali pamoja, siku moja, saa moja, majuma yasiyopungua manane, hata siku 90 zikipita.

Kama wewe ni mtu wa pwani nakupa pangu bila kinyongo: kivuko namba 62. Kinaondoka kwenye gati za Landungsbrücken kwenda Finkenwerder, mwendo wa karibu nusu saa, na tiketi yako ya HVV inatosha. Mtu wa Kigamboni hahitaji kuelezwa pantoni ni nini. Kaa juu kama hakunyeshi, upande wa kulia ukitazama Övelgönne na mchanga wake. Upande wa pili ni winchi za bandari zikishusha makontena.

Jambo lililonituliza lilikuwa jingine. Mto huu, Elbe, unapwa na kujaa. Bahari iko kilomita mia hivi kutoka hapa, na bado maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, mara mbili kwa siku. Gati za Landungsbrücken zinaelea, kwa hiyo madaraja ya kushukia yanabadilika mteremko: maji yakijaa unatembea karibu tambarare, yakipwa unashuka kama unaingia kisimani. Mnara wa pale unaonyesha kina cha maji. Kila Ijumaa niliandika mstari mmoja: maji yamejaa, au yamepwa, na mimi nikoje. Mstari mmoja tu. Ukiongeza wa pili utaanza kuhutubia.

Mtu wa bara atapata pake: bustani, soko, benchi la kando ya ziwa la Alster. Kanuni ni kurudi.

Utajua umefaulu ukiona kilichobadilika kabla ya kuoneshwa: mti umeanza kuchipua, baharia wa zamu ni mwingine.

## Hatua ya 6: Tafuta jembe (wiki ya 9 na kuendelea)

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa hakuna atakayekupa. Watakuacha uwe mgeni miaka kumi kwa heshima zote. Litafute.

Kwa lugha, Bücherhallen wana vikundi vya mazungumzo vinavyoitwa Dialog in Deutsch, bure na bila kujiandikisha. Nenda hata kama una sentensi tatu. Kwenye Kijerumani utajisikia mtoto kwa muda mrefu, na aibu hiyo inaisha kwa kuongea tu.

Lakini jembe lenyewe ni kutoa. Chuo Kikuu cha Hamburg kinafundisha Kiswahili, na wanafunzi wake wanahitaji watu wa kuzungumza nao. Bandika tangazo: saa moja Kiswahili, saa moja Kijerumani. Utakapomsahihisha mtu "watu mingi" na akaandika haraka kwenye daftari lake, utakaa wima kwenye kiti. Mwezi mzima umekuwa wa kusahihishwa.

Tahadhari. Jumuiya ya watu wetu ni dawa, na ikizidi ni kijiji chenye maneno. Hudhuria, kula pilau, cheka. Daftari liache nyumbani.

## Hatua ya 7: Ipangie Jumapili kazi

Maduka yamefungwa, hakuna anayetoboa ukuta, barabara tupu. Kwetu hata msiba una kelele. Ukimya wa Jumapili ya Februari umewaliza wanaume wazima ninaowajua.

Weka sufuria jikoni saa 5 asubuhi na upike cha muda mrefu: maharage ya nazi, pilau. Fungua dirisha kabla ya kukaanga vitunguu, kwa sababu kila nyumba ina kingora cha moshi na hakichelewi. Pika cha watu watatu hata kama uko peke yako. Bakuli la pili mpelekee jirani, sentensi inayohitajika ni moja, "Ich habe zu viel gekocha," yaani nimepika kingi mno. Nimeikosea herufi hapo kama nilivyoikosea mlangoni, sahihi ni *gekocht*, na mama yule alinielewa vile vile. Bakuli lilirudi limeoshwa, na ndani yake kulikuwa na matofaa manne.

## Siku ya 90: Soma, usiamue

Kaa mchana, soma daftari mwanzo hadi mwisho bila kalamu. Kisha pitia tena majina ya "sijui", uone kama kuna lililohama lenyewe. Yaliyobaki yaache.

Kama miezi hii imeangukia majira ya baridi, sheria yangu kwa wote ninaowapokea ni hii: usiolewe, usiachane, usiache kazi, na usikate tiketi ya kurudi moja kwa moja kabla ya Mei, isipokuwa uko mahali unapodhuriwa. Januari inaamua vibaya.

Mei ikifika, saa 2 asubuhi jua likiwa limeshachomoza kitambo na bado unataka kurudi nyumbani, rudi. Tiketi uikate mchana, ukiwa umelala na umekula.